Kupiga picha mwewe, kozi na bundi mwanga ukiwa hafifu: mwongozo kwa anayeanza, Dar es Salaam

Maswali ni yaleyale. Mbona mwewe wangu ametoka kama doa jeusi? Mbona picha imejaa chenga? Ninunue lenzi gani? Na bundi je, nimpige flashi? Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hata jioni ya leo.

Nitangulize msimamo wangu ili tusisumbuane huko mbele. Jua likishazama, picha haiokolewi na kamera ya bei mbaya. Inaokolewa na kujua ndege atatulia wapi na saa ngapi. Mwewe anayepiga mbizi saa 12:50 jioni huna la kumfanya. Mwewe huyohuyo akitua juu ya nguzo dakika ileile, unampata hata kwa kamera ya mtumba uliyoitafuta Kariakoo. Kwa hiyo humu nitazungumzia sana ndege, vifaa kidogo. Na nakusihi uanze na mwewe. Bundi asubiri.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe kasi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka kupokea mwanga, mfano 1/250), tundu la lenzi (upana wa mlango wa mwanga; huandikwa f/, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga; ikipanda, chenga zinaongezeka). Simu ina kazi moja tu hapa: kivuli cheusi cha ndege mbele ya anga la machweo. Ile modi ya usiku ya simu huunganisha picha nyingi kuwa moja, na ndege akisogea kidogo anageuka mzuka.

Lenzi ya kuanzia milimita 300. Zile za 150-600 za Sigma na Tamron ni nzuri na hazichoshi sana mfuko, ila ukizivuta hadi mwisho tundu lake ni f/6.3, ambalo kwa jioni ni dogo. Lenzi ya zamani ya 300mm yenye f/4 ni kamera nyingine kabisa jua likishazama, hata kama haifiki mbali. Kutoka f/5.6 kwenda f/4 mwanga unaoingia ni mara mbili, ukifika f/2.8 ni mara mbili tena. Kile kipande cha kurefusha lenzi kiache nyumbani: cha 1.4 kinakula nusu ya mwanga, cha 2 kinakuachia robo.

Kitu cha kuegemeza. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, lakini mimi natumia zaidi mfuko wa kitambaa cha jinzi kuukuu ulioshonwa na kujazwa mchele kama kilo mbili. Unauweka juu ya ukuta, kwenye dirisha la gari au ukingo wa ngalawa iliyovutwa ufukweni, lenzi inalala juu yake na haiyumbi. Fundi cherehani wa mtaani atakushonea akikusubirisha.

Mengine: betri ya pili, memori kadi yenye nafasi, tochi ndogo yenye mwanga mwekundu, dawa ya mbu, viatu vya kufunga (si kandambili, utaniambia ukishakanyaga utumbo wa samaki), kitambaa kikavu, na kofia ya kuogea ya plastiki ya kufunika kamera mvua ikikuvamia. Na mtu wa pili. Lenzi ndefu gizani inaonekana kuliko unavyodhani, na wewe jicho lako liko ndani ya kioo.

Hatua kwa hatua

1. Panga saa yako kwa jua

Dar jua huchomoza kati ya saa 11:57 na saa 12:38 asubuhi, kutegemea mwezi, na huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:47 jioni. Februari ndiyo yenye jioni ndefu; Novemba jua linawahi pande zote mbili. Tazama saa ya siku yenyewe kwenye simu.

Jambo ambalo wengi hawalitilii maanani: sisi tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima. Kuanzia linapozama hadi giza la kukuzuia kusoma gazeti ni kama dakika 20 hivi. Video za wapiga picha wa Ulaya utawasikia wakisifia jioni ya saa nzima. Hiyo si yetu. Ukifika ufukweni jua likiwa limeshazama, umefika kukunja stendi.

2. Chagua sehemu moja na uwe mteja wake

Kwa mwewe, nenda Feri, kwenye soko la samaki. Vijana wanaoparua magamba wanatupa mabaki, kunguru wanagombana, na mwewe wenye midomo ya njano wanakata katikati yao na kunyakua. Salimia kwanza, eleza unachofanya, pita ofisi ya soko uombe ruhusa. Utaulizwa kama huyo ndege utamla. Jibu kwa ucheko; baada ya siku chache watakuwa wanakuita wenyewe wakimwona ametua.

Tahadhari ya maana: Ikulu iko hatua chache kutoka pale, na ng'ambo Kigamboni kuna kambi ya jeshi la majini. Usigeuze lenzi upande wa Ikulu, meli za kivita, bandari wala askari, hata kama ndege mzuri kuliko wote duniani ametua kwenye ukuta huo. Mwache. Na usijaribu droni.

Coco Beach na fukwe za Kunduchi na Mbweni zinafaa pia, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, maana ndege wawindaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia huwa wamefika Afrika. Miongoni mwao ni yule tai mvuvi mwenye kichwa cheupe na mstari mweusi unaopita jichoni, anayejitosa miguu mbele kunyakua samaki. Mtafute karibu na mikoko maji yakiwa yanajaa au yanakupwa. Kozi nao wanapenda kukaa juu sana, kwenye majengo marefu na minara ya simu. Pande na Pugu ni misitu ya hifadhi: lipia kiingilio, na uliza getini unaruhusiwa kubaki hadi saa ngapi kabla hujajificha kichakani.

Huna muda wa kusafiri? Sikiliza kunguru wa mtaani kwako. Wakikusanyika juu ya mti mmoja wakipiga kelele kama kuna kesi, angalia katikati. Mara nyingi kuna mwewe, kipanga, au bundi aliyekosa usingizi.

3. Panga kamera nyumbani, taa ikiwa inawaka

Kutafuta menyu gizani kunakula zile dakika 20. Kabla ya kutoka weka hivi:

- Modi ya M (kasi na tundu unapanga mwenyewe), na ISO uiache ijipange yenyewe, kikomo cha juu 6400. Kamera ikiwa mpya na yenye sensa kubwa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), kikomo 12800.
- Tundu la lenzi wazi kabisa: namba ndogo kuliko zote lenzi yako inayoruhusu.
- Faili la RAW, yaani picha ghafi. JPEG, picha ambayo kamera imeshaipika, inapoteza taarifa za vivuli ambazo jioni ndizo utakazozitafuta.
- Kupiga mfululizo, kasi ya kati. Ya juu kabisa inakujazia kadi na kazi ya kuchambua.
- Fokasi ya kufuatilia, AF-C. Kwenye Canon nyingi imeandikwa Servo.
- Flashi imezimwa, sauti ya mlio imezimwa, mwanga wa kioo cha nyuma umepunguzwa. Kioo kikiwaka sana gizani kinakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha.

Kisha jizoeze kubadili kasi ya shata umefumba macho. Si utani. Kidole kijue njia.

4. Fika saa moja kabla, kamera ibaki begini

Hatua hii ndiyo wanaoanza wanairuka, na ndiyo inayotenganisha picha na bahati nasibu. Keti. Tazama ndege anatua wapi. Ndege wawindaji wana vituo vyao: nguzo ileile, mnazi uleule uliokufa kichwa, ukingo uleule wa paa. Chini ya kituo kizuri utaona madoa meupe ya kinyesi yaliyorundikana. Ukikuta hivyo, umeshapata studio yako.

Tazama na upepo. Ndege hutua na kuruka akiwa ameukabili. Kusi likivuma, mwewe anageuza kifua kusini-mashariki na mara nyingine ananing'inia hewani karibu bila kusogea. Wakati wa kaskazi anageukia kaskazini-mashariki. Ukisimama nchi kavu ukitazama bahari misimu yote miwili utapigwa mkia tu, kwa hiyo jipange ubavuni mwa njia yake, apite mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia au kinyume chake.

5. Chagua upande wa mwanga

Pwani ya Dar inatazama mashariki. Faida yake ni hii: jioni, ukisimama ufukweni na mgongo wako ukielekea mjini, mwanga wa mwisho unapita juu ya bega lako na kumpiga ndege usoni. Asubuhi ni kinyume, jua liko nyuma ya ndege na utapata kivuli cheusi kwenye anga la rangi ya embe.

Vyote viwili ni picha nzuri, ila huwezi kutaka manyoya na kivuli kwa pamoja. Amua kabla. Ukitaka machweo nyuma ya ndege, vuka Kigamboni na utazame upande wa mjini, ukikumbuka yale niliyosema kuhusu kambi na bandari.

6. Anza na kasi ya juu, shuka ngazi kwa ngazi

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, tutakaa kidogo.

Chenga zinapunguzwa nyumbani. Picha iliyotikisika haiponi. Kwa hiyo kasi ya shata ndiyo bosi, ISO inafuata nyuma inavyoamriwa. Lakini kasi haitakiwi kubaki palepale jioni nzima. Inashuka pamoja na jua, na kadiri inavyoshuka wewe unabadilisha aina ya picha unayoitafuta.

Tuseme una lenzi ya f/6.3. Jua likiwa bado limegusa paa za nyumba, weka 1/1000. ISO itakaa karibu na 1000 hadi 1600. Hapo mpige anaporuka, anaponyakua, anapogombana na kunguru.

Jua likishazama, kasi hiyohiyo itadai ISO 6400 au zaidi. Sasa acha kumfukuza anayepiga mabawa. Shuka hadi 1/500, mpige anayeelea mabawa yakiwa yametandazwa. Ukishuka tena hadi 1/250, ile ISO 6400 uliyokuwa ukidaiwa kwa 1/1000 inarudi 1600: kila ukipunguza kasi nusu, ISO nayo inapungua nusu. Kwa 1/250 unampata anayetua au anayegeuka taratibu.

Dakika kumi baada ya machweo, sahau anga. Aliyetua tu. Egemeza lenzi kwenye mfuko wa mchele, 1/60, vuta pumzi, itoe nusu, bonyeza. Piga mfululizo wa picha tano sita, maana katikati ya mfululizo huwa kuna moja iliyotulia kuliko ile ya kwanza uliyoitikisa kwa kidole. Ukiwa na stendi imara unaweza kufika 1/15.

Ukishika kwa mkono bila kuegemea, kanuni ya wazee wa kazi ni kasi isiyopungua urefu wa lenzi: 400mm, basi 1/400 au juu yake. Kizuia mtikisiko, kile kinachoandikwa IS kwa Canon, VR kwa Nikon, OS kwa Sigma na VC kwa Tamron, kinakuruhusu kushuka chini ya hapo. Lakini kinatuliza mikono yako, ndege hakimtulizi. Kosa hili naliona kila mara: mtu anapiga mwewe anayeruka kwa 1/80 kisha analalamika kizuia mtikisiko ni kibovu.

7. Ishike fokasi kabla giza halijaishika

Mwanga ukipungua kamera inahangaika, lenzi inakwenda mbele na nyuma kama imepoteza funguo. Ipunguzie mzigo. Tumia pointi ya katikati, au kikundi kidogo cha pointi za katikati, kwa kuwa kwenye kamera nyingi hizo ndizo zinazoona vizuri gizani. Kamera mpya zinazotambua jicho la ndege zitumie, ila zikianza kuchagua majani, rudi katikati.

Lenga mahali penye mpaka mkali wa mweusi na mweupe: ukingo wa bawa dhidi ya anga, mdomo wa njano dhidi ya uso wa kahawia. Ukilenga tumbo la kahawia lisilo na alama, kamera haina cha kushika. Lenzi yenye swichi ya kupunguza masafa ya fokasi, iweke isihangaike na vitu vya karibu.

Na ile nguzo uliyoiona katika hatua ya 4? Ifokasi mapema mwanga ukiwepo, zima fokasi ya kujiendesha, usiguse tena pete. Akirudi, kazi imeshafanyika.

8. Mwangaza umpimie ndege

Kamera ikiona anga kubwa linalong'aa inadhani kila kitu kinang'aa, inapunguza mwanga, na mwewe wa kahawia anakuwa mkaa. Ongeza fidia ya mwangaza (ile alama ya +/- kwenye kamera): +1 kwa anga la kawaida, hadi +2 anga likiwa jeupe la mawingu. Anga litapauka. Acha lipauke. Ndege akishuka chini ya upeo na nyuma yake kukawa na miti au maji meusi, rudisha sifuri, la sivyo atapauka yeye.

Ukitaka kivuli cheusi fanya kinyume, -1 hadi -2, na subiri umbo lisomeke: mabawa yamefunguka, mdomo umeonekana wa pembeni. Mwewe anayekuja moja kwa moja kwako akiwa kivuli anafanana na mwamvuli uliovunjika.

Baadhi ya kamera za zamani hazikubali fidia ukiwa kwenye M na ISO ya kujiendesha. Yako ikigoma, panga ISO kwa mkono.

9. Bonyeza pale anapopumzika

Hata ndege mwenye haraka ana nukta ya utulivu. Mwewe akishanyakua utumbo wa samaki hatui kula. Anapanda juu kidogo, anaacha kupiga mabawa, anaelea moja kwa moja, kisha anainamisha kichwa na kusogeza mguu mbele mpaka kucha zikutane na mdomo. Anachana, anameza, anachana tena. Kwa sekunde hizo mwili wote umetulia kasoro shingo. Hapo ndipo 1/250 inatosha na picha inasema kitu. Wenzako wote watakuwa wamepiga ule wakati wa kunyakua, wamepata maji na mkia.

Nukta nyingine: kilele cha kupanda kabla hajageuka, na ile sekunde ya kwanza baada ya kutua anapokunja mabawa. Kwa aliyetua, ngoja ageuze kichwa jicho lipate mwanga. Jicho lisilo na nukta nyeupe linafanana na tundu.

Ukipenda majaribio, shusha hadi 1/30 au 1/60 na umfuate ndege kwa mwendo wake mwenyewe huku ukipiga. Nyingi zitaharibika. Moja itatoka na kichwa kinachosomeka na mabawa yaliyochorwa kwa brashi.

10. Bundi, sasa

Usianze naye kwa sababu tatu: anatoka mwanga ukiwa umekwisha, anasumbuliwa kirahisi, na majirani.

Mtafute mchana kwanza. Bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo hulala kwenye dari na minara ya majengo ya zamani. Wengine hulala kwenye miti yenye kivuli kizito. Angalia chini. Utakuta vipira vya kijivu, vikubwa kama kidole gumba, vikavu. Ukikivunja kimoja kwa kijiti ndani yake kuna manyoya ya panya yaliyoshikamana, mbavu nyembamba kama sindano, na fuvu dogo zima lenye meno mawili ya njano mbele. Hayo si mavi, ni mabaki aliyoyatapika. Kama vipo, mwenyewe yuko juu yako.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe, jitambulishe, mwonyeshe picha zako. Unajua yanayosemwa bundi akilia juu ya paa. Mtu mgeni anayezunguka usiku na mtambo mrefu akimtafuta bundi juu ya nyumba ya watu atapata shida kuieleza shughuli yake kwa umati. Na picha ukishaipata, usitaje mti wala nyumba unapoisambaza. Kuna wanaomrushia mawe, na kuna wanaomtaka kwa mambo yao.

Kwa kupiga: saa za mwanzo wa giza bundi hupenda kuwinda karibu na taa za barabarani kwa sababu wadudu na panya wako hapo. Chagua taa, simika stendi, subiri atue kwenye nguzo au waya ndani ya duara la mwanga. Anzia f/5.6, 1/15, ISO 3200, shata ya kuchelewa sekunde mbili ili kidole kisitikise. Fokasi ni kwa mkono: kuza picha kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete mpaka ukingo wa jicho uwe mkali. Ukipandisha kasi kupita 1/100 utaona picha moja ina mwanga, inayofuata giza. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi zinapepesa nao.

Usimpige flashi. Macho yake yamefunguka kupokea nuru ndogo kuliko unayoijua wewe. Usimpigie sauti ya bundi kwenye simu kumwita, atadhani amevamiwa na kuacha kuwinda ili alinde eneo. Usimwekee panya wa kufungwa. Usisogelee kiota. Akinyoosha mwili akawa mwembamba na kufinya macho, au akianza kupigapiga mdomo, umeshakaribia mno: rudi nyuma polepole, usigeuke ghafla.

Ukiwahi kuona kwenye mwanga wa mwisho ndege mweusi mwenye mabawa marefu kama ya kozi akipita katikati ya popo, huyo ni mwewe mla popo. Huwinda zaidi kwa muda mfupi tu wa magharibi, na popo anammeza hewani akiwa anaruka. Weka kivuli cheusi, 1/500, omba Mungu.

11. Ukirudi nyumbani

Pumzika kwanza, chagua kesho. Usiku wa kwanza kila picha ni nzuri. Futa zote ambazo jicho si kali, bila huruma. Zilizobaki: pandisha vivuli kidogo, punguza chenga kwa kiasi, simama kabla manyoya hayajawa plastiki. Chenga kidogo kwenye picha ya magharibi hazimuudhi mtu yeyote isipokuwa wapiga picha wenzako.

Futa kamera na lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Chumvi ya bahari inakula skrubu na pete kimyakimya.

Ikigoma

*Picha zote nyeusi.* ISO imegonga kikomo. Shusha kasi ngazi moja, au pandisha kikomo. Ukiona vyote vimefika mwisho, mwanga umekwisha, funga begi.

*Ndege ana ukungu na sijui kosa ni la nani.* Kikiwa kimetikisika kila kitu, ni mikono yako: egemeza. Ikiwa nguzo ni kali na ndege ana ukungu, ni yeye aliyesogea: ongeza kasi. Mahali pakali pakiwa nyuma yake, ni fokasi imekosea, kasi haina kosa.

*Chenga nyingi kuliko za wenzangu kwa ISO ileile.* Karibu kila mara umepiga giza kisha ukapandisha mwanga kwenye kompyuta. ISO 6400 iliyopimwa sawasawa ni safi kuliko 1600 iliyovutwa juu kwa nguvu. Au ndege alikuwa mdogo sana kwenye picha na umemkata hadi akabaki robo.

*Nipo kwenye stendi na bado inatikisika.* Usivute nguzo ya katikati juu, ni dhaifu. Ning'iniza begi katikati. Kwa lenzi za zamani zima kizuia mtikisiko, maana kikiwa hakina cha kuzuia huanza kujitikisa chenyewe. Upepo wa ufukweni ukiwa mkali, kaa chini na ufupishe miguu ya stendi.

*Lenzi imeweka ukungu mara tu nilipoitoa.* Umetoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi. Hewa ya Dar ina maji mengi, ikikutana na kioo cha baridi inageuka matone. Usifute-futa. Iache begini imefungwa kama nusu saa ipate joto la nje, na siku nyingine zima kiyoyozi kabla hujafika.

*Naona nyuzi kama za buibui ndani ya lenzi.* Ni kuvu, na jiji hili linawapenda. Hazitoki kwa kufuta nje; mpelekee fundi mapema kabla hazijala kioo. Zilizobaki salama zihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu vibadilishe, na usiiache lenzi ndani ya begi la kitambaa miezi ya masika.